Taa Zisizo na Pa Kushika

Kabla hujaniambia kwamba taa ni taa, ujue unaongea na nani. Nilizaliwa Soweto West, Kibera, katika chumba kimoja cha mabati. Nilisomea umeme mpaka nikapata diploma, na karo nilijilipia mwenyewe kwa kutengeneza redio na pasi za majirani. Kisha nikaenda Uarabuni, nikafunga taa katika majumba ambayo sebule moja ingemeza ploti yetu nzima pamoja na choo chake. Wenye majumba hayo walikuwa wakiniita mimi, si mwingine, wakitaka mwangaza utokee ukutani bila mtu kujua unatoka wapi. Nimerudi na zana zangu na ujuzi wangu, na leo nakaa Gatina, Kawangware, ghorofa ya tatu, katika nyumba yenye siling'i ya jipsamu niliyoiweka kwa mikono yangu baada ya mwenye nyumba kukataa kuiweka.

Nyumba hiyo sikuipamba kwa ajili ya wageni. Nilitaka kitu kimoja: mama ahame Kambi Muru, kulekule Kibera, aje tukae pamoja. Mwaitu, kama tunavyomwita mama sisi Wakamba, ni fundi cherehani. Amelea watoto wake kwa sare za shule za watu wengine. Chumba chake kimebanwa katikati ya vyumba vya wenzake, na umeme humfikia kwa waya unaopita juu ya mapaa ya watu. Moto umeshawahi kula mstari wa nyuma yake. Nilimwomba ahame tangu niliporudi, akawa ananijibu kwamba kwangu atakuwa mgeni. Mwishowe alikubali kuja kukaa mwezi mmoja, na cherehani yake, na kazi ya kushona sare za kikundi cha akina mama wa kanisa lake: sketi za rangi ya damu ya mzee na blauzi nyeupe. Akiona anaweza kuishi na kufanya kazi pale, ataachilia chumba chake. Asipoweza atarudi, na nisimuulize tena. Alisema hayo mbele ya dada yangu, na Mwaitu akisema kitu mbele ya shahidi, amemaliza.

Kwa hiyo niliamua nyumba impokee kwa taa. Si balbu. Taa za utepe, zile nyembamba zinazobandikwa kwenye ukingo wa siling'i na kuamriwa kwa simu.

Watu wa Nairobi hununua taa hizi kama wanavyonunua pazia, kwa kuangalia rangi. Mimi hununua kwa kuuliza maswali. Utepe wa volti kumi na mbili ukiwa mrefu hufifia mkiani, kwa hiyo nilitaka wa ishirini na nne. Utepe wa rangi wa kawaida hauna nyeupe yake. Huwasha nyekundu, kijani na buluu kwa pamoja, halafu hukudanganya kwamba huo ni mwangaza mweupe, na chini yake nyama huonekana imeoza. Nilitaka wenye nyeupe yake yenyewe. Na kidhibiti, yaani kile kiboksi kinachopokea amri kutoka kwa simu, nilikitaka cha aina inayokumbuka hali yake umeme ukikatika na kurudi. Kawangware umeme hukatika bila hodi.

Nilimweleza hayo yote muuza duka mmoja karibu na steji.

"Sema boss," akasema. "Za nyuma ya TV ama za jikoni?"

"Za sebule. Volti ishirini na nne."

"Volti zote zinawaka, boss."

"Nataka yenye nyeupe yake."

"Hii inatoa rangi milioni kumi na sita."

"Sijauliza ngapi. Nimeuliza nyeupe."

"Nyeupe iko hapo ndani. Utaikosaje kwa milioni kumi na sita?"

Nilipumua. Boksi lilikuwa na maandishi sahihi, nikalichukua. Nilipolifungua nyumbani nikakuta utepe wa rangi tupu, na kidhibiti cha aina nyingine kabisa, chenye kitundu kidogo cha maikrofoni. Nilirudi dukani siku ileile. Jamaa akanitazama kama mtu anayelalamika kwamba amezidishiwa nyama. "Ni ile ile, boss. Hata hiyo yako ina mziki, unapiga makofi inacheza." Nyingine hakuwa nayo, na Mwaitu alikuwa anakuja kesho yake. Nikaifunga hiyo hiyo, nikijua kwamba nilishawahi kushinda vifaa vikaidi kuliko hivyo.

Programu ya simu ilitaka kujua mahali nilipo, barua pepe yangu na nywila ya waifai, kana kwamba naomba viza. Nikaipa. Swichi ya ukutani niliiondoa na kuziba tundu lake kwa kifuniko cheupe, kwa sababu taa za namna hii hutaka umeme usikatwe. Ukiacha swichi, mtu ataibonyeza na kidhibiti kitalala. Hivyo ndivyo kazi inavyofanywa. Nilipomaliza, sebule ilikuwa imepambika kiasi kwamba hata mmoja wa wale matajiri wangu angeingia, angevua viatu.

Mwaitu aliingia akasimama katikati, akainua kichwa.

"Taa yenyewe iko wapi?"

"Iko ndani ya siling'i, Mwaitu. Imefichwa."

"Imefichwa nani asiione?"

"Ndivyo nyumba za kisasa zilivyo. Unaona mwangaza, taa huioni."

"Na nikitaka kuizima nashika wapi?"

Nikamwonyesha simu yangu. Akaitazama, akaitoa yake mfukoni, ile ya vibonyezo yenye tochi tunayoiita mulika mwizi, akairudisha. Nilidhani amevutiwa.

Inafaa nieleze walivyozoea Kambi Muru. Kwake hakuna swichi. Balbu inaning'inia juu ya cherehani, na akitaka giza huishika kwa kitambaa ili asiungue, kisha huizungusha kidogo mpaka izime. Kabla ya kulala huchomoa waya wenyewe, kwa hofu ya moto, na majirani wote hufanya hivyo. Mtu akisahau, hugongewa ukuta. Asubuhi umeme ukiwa mnyonge, huchomeka, huchomoa, huchomeka, huchezesha mpaka ushike.

Sasa mtoe mtu huyo umlete Gatina. Siku ya kwanza, alipokwenda kulala, alikwenda kwenye swichi kuu karibu na mlango wa jikoni akazima nyumba nzima. Friji, waifai, taa, kila kitu. Niliamka nikakuta programu inaniambia kwamba vifaa vyangu vyote havipatikani.

"Mwaitu, ukizima hapo kila kitu kinakufa."

"Ndiyo nataka kife. Kitu kilichokufa hakichomi nyumba."

"Hii nyumba nimeifunga nyaya mimi mwenyewe. Haiwezi kuungua."

"Na wale wa nyuma yangu walifungiwa na nani? Fundi pia."

Nilimweleza kuhusu fyuzi, kuhusu unene wa nyaya, kuhusu diploma. Alinisikiliza vizuri, akamaliza chai, na jioni akazima tena.

Siku nyingine nilikuwa Soweto West, kwa kinyozi niliyesoma naye darasa moja, simu ikalia. Ilikuwa Mwaitu. "Kumekuwa giza na sioni sindano. Hii taa yako inakungoja wewe?" Nikamwambia atulie. Nikatoa simu mbele ya wateja wote, nikabonyeza, nikamuuliza kama imewaka. Imewaka, akasema.

"Buda," kinyozi akasema, mashine ikiwa imesimama hewani, "umewasha Kawangware ukiwa umekaa hapa?"

"Hata ningekuwa Doha ningewasha."

"Noma sana." Akarudi kwenye kichwa cha mteja. "Na mathe akitaka kuenda choo, pia anakupigia?"

Walicheka mpaka mteja akaambiwa atulie asikatwe sikio. Watu wa Soweto West humpenda mtu wao aliyefanikiwa, lakini hawawezi kumwacha afanikiwe dakika mbili mfululizo.

Nilipofika nyumbani nilimkuta Mwaitu ameacha kazi. Taa ilikuwa imewaka buluu, rangi ambayo kidhibiti chenyewe kilijichagulia baada ya kukatiwa umeme, na chini ya buluu hiyo alikuwa amepinda sketi mbili kwa uzi wa kahawia akidhani ni ule wa damu ya mzee. Asubuhi alikaa mlangoni, kwenye mwanga wa ngazi, akifumua mshono mmoja mmoja. Wapangaji walipita wakimpa pole. Nilimwambia ningebadilisha rangi iwe nyeupe. Nilibadilisha. Nyeupe ya duka lile. Akalinganisha uzi na kitambaa chini yake, akarudi mlangoni.

Kisha ikaja Jumamosi ya akina mama. Kikundi kilikuja kujaribu sare na kufanya ushirika wao kwangu, na Mwaitu alikuwa amesafisha nyumba tangu alfajiri. Mimi nilikuwa jikoni nikichemsha chai, kwa sababu mtu aliyeishi ughaibuni hujua kujihudumia. Mvua ilikuwa imefunga nje na sebule ikawa nusu giza. Mwaitu akaja akawasha swichi kuu aliyokuwa ameizima tangu usiku. Sasa, taa hizi huchukua muda kidogo kuamka, zikitafuta waifai. Yeye akaona haijashika. Akazima, akawasha. Akazima, akawasha. Akaichezesha kama ilivyo ada Kambi Muru, kabla sijaweka sufuria chini.

"Wacha, Mwaitu," nikasema. "Ukifanya hivyo inasahau kila kitu."

"Imeshawaka," akasema, akaenda kwa wageni wake.

Ilikuwa imewaka, ndiyo. Kidhibiti cha namna ile kikizimwa na kuwashwa harakaharaka hujifuta kichwa chote na kurudi kama kilivyotoka kiwandani. Na huyu, huko kiwandani, alifundishwa kucheza.

Akina mama wakaanza wimbo. Wakapiga makofi. Siling'i yangu ikalipuka nyekundu, kijani, zambarau, kila kofi na rangi yake. Nilitoka jikoni na simu mkononi; programu ikaniambia hakuna kifaa chochote nyumbani humo. Wimbo ukakatika, na sebule ikaingia giza. Mwenyekiti wa kikundi, mama wa makamo mwenye sauti ya kuita watu sokoni, akaanza kuomba ili kuokoa hali. Kila akiinua sauti, taa ikainuka naye. Wenzake wakiitikia Amina, ukutani panapita radi.

"Mama," mwenyekiti akasema alipofungua macho, "hapa tumekuja kwa nyumba ama kwa klabu?"

"Iache," mwingine akasema. "Nayo inamsifu Bwana kivyake."

Wakacheka, wengine mpaka wakajifuta machozi. Niliwaeleza kwamba tatizo ni kidhibiti cha aina fulani, na kwamba mimi niliomba aina nyingine. Mmoja akaniambia, "Pole baba, hata sisi hatujui kusoma simu." Sare walizijaribu ngazini, kwenye mwanga wa kupitia dirisha la ngazi, na Mwaitu akiwa amepiga magoti kwenye saruji na pini mdomoni. Yeye hakucheka hata mara moja.

Walipoondoka alikunja kitambaa chake taratibu.

"Mwezi ukiisha narudi kwangu."

"Kwa sababu ya taa? Nitaitengeneza leo leo."

"Kwako ni kuzuri. Maji yako ndani, choo kiko ndani. Lakini mimi nimefanya kazi tangu kabla hujazaliwa, na sijawahi kumpigia mtu simu ndiyo nione sindano yangu."

Nilikasirika, sitaficha. Nilikuwa nimewafungia taa watu ambao walikuwa na uwezo wa kumwita fundi yeyote duniani, na hakuna aliyelalamika. Nikazunguka na hasira hiyo siku nzima ya Jumapili. Lakini sikurudi kutoka ng'ambo ili mama yangu afumue sketi mlangoni.

Jumatatu nilikwenda mjini, kwa muuzaji anayejua anachouza. Nilichukua utepe mweupe mtupu, wa aina inayoonyesha rangi ya kitu ilivyo mchana. Nikaukata kwa urefu wa meza ya cherehani, nikaulaza ndani ya mfereji wa alumini wenye kifuniko cha rangi ya maziwa ili usimchome macho, nikauchomelea nyaya kwa risasi safi. Hakuna kidhibiti. Hakuna waifai. Kando ya mkono wake wa kulia nikafunga swichi ya kawaida, ya kubonyeza, ambayo mwanafunzi wa mwezi wa kwanza angeweza kuifunga akiwa anasinzia. Niliifunga nikisonya kila parafujo.

Mwaitu alikaa. Akabonyeza, ikawaka. Akazima. Akawasha. Akachukua nyuzi mbili, ya kahawia na ya damu ya mzee, akaziweka juu ya sketi, akaitupa ya kahawia kwenye kikapu bila kuangalia mara ya pili. Cherehani ikaanza kukimbia.

"Si useme kitu basi," nikamwambia.

"Niseme nini? Sogea, unanizibia."

Sketi zote zilikwisha kabla ya mwezi kwisha. Siku aliyozipeleka kanisani alirudi, akanikuta juu ya ngazi ya mbao nikiunganisha upya zile za rangi, zilizokuwa zimesahau jina langu tena.

"Kambi Muru unaenda lini?" akaniuliza.

"Kufanya nini?"

"Kuchukua kitanda changu na masanduku. Na umwambie msimamizi wa ploti apangishe mtu mwingine."

Nilishuka ngazi moja. Nilitaka ayarudie hayo mbele ya dada yangu, awe shahidi, lakini alikuwa tayari anavua kitambaa cha kichwani na kutafuta mahali pa kukitundika.

"Sasa Mwaitu, kama unakaa, tukubaliane kuhusu swichi kuu."

"Tumekubaliana," akasema. "Usiku nitazima. Wewe una diploma, hizo zako utaziamsha asubuhi."