Neno la Bwana Afya

Zamani Bwana Afya alikaa kituo kimoja hadi mbwa wa kila boma wakaacha kumbwekea. Siku hizi afisa wa afya huondoka kabla hawajamzoea.

Hezekiah Osiako aliutumikia upande wa Iguhu miaka kumi na tisa kwa baiskeli, na jina la Bwana Afya likamganda hata baada ya kustaafu. Alijua kila choo, nani alikichimba kwa hiari na nani kwa kuogopa korti. Dinah, afisa kijana aliyeshika kazi hiyo sasa, alimjia mara kwa mara kumuuliza habari za maboma. Mzee alimpenda kwa hilo. Wanne waliomtangulia hawakuuliza neno.

Siku moja Dinah alikuja na mwenzake Khisa.

"Watoto sita wanaharisha, mzee," Dinah akasema. "Ni maji ya chemchemi ya Muhonja. Tulibandika ilani, wakaichana. Tuliporudi, Muhonja mwenyewe akatutolea panga."

"Mkubwa wenu anasemaje?"

"Anataka ripoti kabla ya saa kumi," Khisa akasema. "Na picha."

"Silali, mzee," Dinah akasema. "Nikifumba macho nasikia simu inaita."

"Vumilia, mwanangu. Sisi tulivumilia."

"Mlikuwa wangapi?"

Hezekiah akahesabu kwa vidole. "Tisa. Na karani."

"Sisi wawili tu. Wengine wote wameacha."

Jibu hilo likamuudhi mzee. Akavaa kofia, akawatangulia.

Wanawake walikuwa wamepanga mitungi chemchemini. Muhonja, mwenye shamba, alisimama mbele yao na panga lake.

"Bwana Afya! Kumbe bado uko? Nilidhani vyoo vilikumeza!"

Wakacheka. Zamani wangenyamaza.

"Sogea, Muhonja. Watoto wanaumwa."

"Maji haya tunakunywanga tangu nizaliwe." Akamwelekezea Dinah ncha ya panga. "Na kila mwaka mnatuletea mwingine. Yule Eugene wa kabla yake alitufungia chemchemi, akasema ngojeni wiki moja nilete dawa. Tulimngoja mpaka mvua ikaisha. Huyu naye akifunga, nani atafungua?"

Kicheko kikakatika. Wote wakamtazama Dinah.

"Huyu haondoki," Hezekiah akasema. "Nimesema mimi, Osiako." Akamgeukia ili athibitishe.

Dinah alikuwa akitazama maji. Khisa akakohoa.

"Nitafungua mwenyewe," Dinah akasema hatimaye.

Muhonja akalichomeka panga ardhini. "Haya. Lakini nimelishika neno lako, mzee, si lake."

Chemchemi ikafungwa kwa kamba, na kwa siku kumi na moja wale vijana walifukua tope, wakaziba ufa kwenye saruji, wakatia klorini, huku simu zikiwadai ripoti za mahali pengine. Watoto wakapona. Siku ya kumi na mbili Dinah akaikata kamba kwa mkono wake, akaujaza mtungi wa kwanza. Hezekiah alitembea kijiji kizima akisema kazi imerudi kuwa kazi.

Alikuwa bado anasema hivyo kwenye kinu cha kusagia mahindi Muhonja alipoingia na debe kichwani.

"Msichana wako ameacha kazi. Yule Khisa pia. Barua walikuwa wamekwisha kuiandika siku ile ile uliyotuapia." Akalitua debe. "Neno lako hilo, Bwana Afya."

Watu wakayageukia magunia yao. Hezekiah akaondoka bila unga.

Jumamosi asubuhi, akipalilia migomba nyuma ya nyumba, alisikia hodi. Aliijua sauti. Maisha yake yote hakuwahi kuiacha hodi bila kuitikia, hata ya mtu asiyesalimiana naye. Akashika mpini wa jembe, akanyamaza.

"Hodi, mzee! Tumekuja kukuaga."

"Labda hayupo," Khisa akasema.

"Yupo. Jembe haliko ukutani."

Dinah akangoja, uso ameuelekeza migombani. Maneno aliyokuwa nayo mzee yote yalikuwa ya kugomba, akayameza. Hodi ya tatu ilitoka kwa sauti ya chini. Kisha wakashuka njia ya mtoni, Khisa mbele, Dinah nyuma akiwa amevua viatu kwa ajili ya matope, na hivyo ndivyo Hezekiah alivyowaona mara ya mwisho.