Stesheni Zisizo na Watu

Mwaka wa 1984, wageni walipofika kwake Malindi kumposa bintiye, Bi Batuli aliwatolea picha za rangi alizopiga marehemu babake, aliyekuwa stesheni masta wa Mazeras na Mariakani. Mzee aliamini kupiga picha kiumbe ni makuruhi, kwa hivyo zote zilikuwa za stesheni tupu, bila mtu hata mmoja.

"Baba yenu yuwapi?" aliuliza Bi Kibibi, shangazi wa kijana aliyeposa, akiinua picha moja kwa vidole viwili na kubetua midomo.

"Nyuma ya kamera!" alidakia Muhidin, nduguye Batuli, akicheka. Batuli alitamani kumfinya.

"Stesheni hata mpita njia huipiga picha, mwenzangu," alisema Bi Kibibi, akiirudisha mezani. "Nitajuaje alikuwa masta?"

Batuli aliigusa picha hiyo, jukwaa tupu jua likiwa utosini. "Basi nenda Mazeras mchana, bibiye, uwaamuru abiria wote waondoke. Wakikutii, rudi tuzungumze mahari."

Bi Kibibi akaiinua picha ile tena, safari hii kwa mikono miwili.