Nyoka wa Matembele na Zamu Yangu

Nianze na wivu, maana bila wivu nisingemwangalia nyoka yule hata mara moja. Mume wetu alikuwa mtu wa reli, na akirudi Kindu alikuwa na wake wawili wa kugawia siku zake: mimi, mke mkubwa, na binti mmoja aliyemleta kutoka Kailo, ngozi laini, sauti ya kudeka. Nyumba zetu ziliangaliana kwenye kiwanja kimoja pale mtaa wa Kasuku, bustani ya matembele katikati. Zamu zetu zilijulikana, na yangu sikuwa tayari kumgawia mtu.

Jumamosi moja tulikuwa kwenye salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, na nyasi zote za nyuma ya kiwanja zikafyekwa. Nyoka aliyekuwa akiishi humo akahamia kwetu, kwenye matembele, upande wa mlango wa mke mwenzangu. Mwanamke alipiga kelele mpaka majirani wakaacha mapanga.

"Baba! Nyoka iko hapa! Mimi nakufa!"

Mume wetu alikuja mbio, koti lake la abakosti halijafungwa vifungo. Kumpiga nyoka, hakumpiga. Sisi Waislamu wa Kindu tumelelewa hivyo: nyoka akiingia kwako, unamwambia kwanza aondoke kwa amani, maana huwezi kujua kama ni nyoka kweli au ni jini. Basi alivaa kofia yake, akasimama mbele ya matembele, akamwomba nyoka kwa heshima atoke. Nyoka hakutoka. Kesho yake akamwomba tena. Na mpaka nyoka asikie, eti mke mdogo hawezi kuachwa peke yake. Zamu yangu ikafika, ikapita. Ikafika nyingine, nayo ikapita.

"Vumilia, mama," aliniambia. "Mutoto wa watu anaogopa."

Mtoto wa watu! Kwani mimi ni mtoto wa mbuzi?

Moyo uliniwaka. Asubuhi nilikuwa namwona mwenzangu amebeba maji ya kuoga ya mume wangu, kikwembe kipya kiunoni, anatembea polepole ili nimtazame vizuri. Nikaona hapana, huyo nyoka lazima nimjue. Nilichukua kigoda, nikakaa kando ya matembele nikichambua majani ya muhogo ya kupika sombe, macho kwake.

Marehemu baba yangu alikuwa mkulima huko Pangi, na alitufundisha kwamba si kila nyoka wa kijani ni yule mbaya. Yule mbaya wa mitini ni mrefu kumpita mtu, na mkia wake unaishia na weusi. Huyu wetu alikuwa mwembamba kama kamba ya kufungia kuni, kijani mpaka ncha ya mkia, macho makubwa ya mviringo. Chakula chake ni vyura wa karibu na pipa la maji. Alimkamata mmoja mbele yangu, akammeza taratibu, miguu ikabaki nje inachezacheza. Jini gani anakula chura?

Alasiri mume aliporudi, mwenzangu akiwa mlangoni ameshika kifua kama kawaida yake, niliinama nikamshika nyoka kwa mkono. Alivimbisha shingo, rangi ya buluu ikaonekana katikati ya magamba, akaniuma kidole. Damu ilitoka kidogo tu, kama nimechomwa na mwiba wa mlimao.

"Yaya weee, utakufa!" mwenzangu akalia, leo ndiyo ananiita dada mkubwa.

"Nitakufa na nini? Huyu hana sumu, ni nyoka wa vyura tu. Baba, angalia mkia. Angalia macho. Na kidole changu, kimevimba?"

Alitazama kidole, akangoja, akatazama tena. Kisha akacheka, akanisifu mbele ya yule binti, na binti akaingia ndani. Roho yangu, wacha! Nilimwachia nyoka arudi kwa vyura wake, nikaoga, nikapika samaki, nikatandika shuka zangu za harusi.

Baada ya swala ya magharibi alikuja mlangoni kwangu. Viatu hakuvua.

"Mama, wewe njo mwanaume wa nyumba hii," akasema, na kweli alikuwa ananisifu. "Hata nikikuacha peke yako mwezi muzima, sina wasiwasi. Lakini yule, sasa anasema anaogopa radi."

Akaondoka na sahani ya samaki. Mvua za mwaka ule ndiyo kwanza zilikuwa zinaanza.