Fundi na Kona Yangu

Fundi aliyeniundia kizimba kikubwa cha simbilisi, hawa wanyama wangu kama sungura waliopunjwa masikio, huongea misumari ikiwa mdomoni. Kila ubao huupapasa kwanza kwa kiganja, kama anaubembeleza ulale. “Bibi, wanahitaji hii kona, haina jua wala upepo,” aliniambia. Lakini kwenye kona hiyo kuna kiti changu, na mimi nimekikalia. “Tafuta nyingine,” nikamjibu. “Mimi sihamishwi na panya.” Akapima huku, akapima kule, akinizunguka kama nguzo ya nyumba.

Mara nikasikia sauti laini nyuma yangu: “Sogea kidogo, mrembo wangu. Haya, taratibu, usije ukajiumiza.” Ni lini tena mtu aliniita mrembo? Nikainuka na kiti changu, nikajikongoja mpaka dirishani, shingo nimeinyoosha kama bibi harusi. Kugeuka, namwona fundi kainamia sanduku, anamsogeza simbilisi mwenye mimba. Akaitazama kona iliyo tupu, akanitazama mimi, kisha akageukia ukuta, mabega yakimtikisika.

“Unangoja nini? Kisukume hicho kizimba,” nikamwambia. “Mimi nimefuata jua.”