Isale la Darasa la Nne

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo nikiikumbuka hunijia kwanza kwa harufu ya maganda ya kahawa yaliyooza kando ya njia. Huenda unajiuliza mwalimu huyu, aliyevaa joho la chuo juzi tu, amepata wapi umri wa kukuita mwanangu. Hata mimi nimejiuliza hivyo, tena sana. Lakini anayeshika chaki amekalia kiti cha mzazi, na nilichopewa nikiwa mdogo kama wewe sina haki ya kukaa nacho peke yangu.

Nilikuwa darasa la nne, huko Kibosho, nikilelewa na bibi na babu. Wanunuzi binafsi wa kahawa walikuwa wameanza kupanda mlimani na malori yao, bei ikipanda na kushuka kama homa, na majirani wengine waking'oa mibuni ili wapande nyanya. Watu wazima walikuwa na mashaka yao. Mimi nilikuwa na langu: niliogopa kusema mbele ya watu. Swali likiulizwa, nililigeuza kichwani mpaka wenzangu wamekwisha kulijibu na kulisahau.

Sasa, siku iliyotangulia hiyo ninayokusimulia, Mwalimu Aloyce alituuliza: tukigawana mkungu wa ndizi, fungu lipi ni kubwa, nusu au theluthi? Sijui nini kiliuinua mkono wangu. Nikasema, "Theluthi, mwalimu."

"Theluthi!" akadakia Deo, aliyekaa nyuma yangu. "Jamani, msiende kula kwao, mtarudi na njaa!"

Darasa zima likacheka. Kengele ikalia kabla mwalimu hajatamka neno, na njia nzima ya kurudi nyumbani nikasindikizwa na "Theluthi huyooo!" Walioimba kwa nguvu zaidi walikuwa watoto wa darasa la kwanza, wasiojua theluthi ni mnyama gani.

Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Usiku ule niliiamini methali hiyo kupita kiasi. Nilijiambia kwamba mwalimu alikuwa amehangaika nasi juma zima, nami nimemwaibisha. Asubuhi nikaenda kwenye mpaka wa kihamba chetu, shamba letu la nyumbani, nikachuma jani la isale, mmea tunaopandia mipaka, nikalifunga fundo. Nilikuwa nimemwona babu akilipokea jani kama lile kutoka kwa jirani aliyemwibia zamu ya maji ya mfongo, mfereji wetu wa mashambani. Unajua mila yetu: ukiletewa isale hukatai, unasamehe. Nikaamua hivi: mwalimu akilipokea, nitabaki shule. Akilikataa, nitarudi kwa bibi nichume kahawa, nisisemeshwe na mtu tena.

"Shikamoo, mwalimu," nikasema mbele ya darasa, nikimnyoshea jani.

"Marahaba, Viktoria. Isale la nini? Umeniibia ndizi?"

"Hapana, mwalimu."

"Umeniharibia mfongo?"

"Hapana. Jana nilisema theluthi ni kubwa."

Nyuma yangu kicheko kilianza. Mwalimu akainua macho tu, kikafa. Akalitazama lile jani, akasema, "Hili silipokei."

Mwanangu, shule yangu ilikuwa imeisha. Nikageuka kuelekea mlangoni.

"Simama, mama," akaniita kwa upole. "Isale humwendea mtu aliyeumizwa. Mimi hujaniumiza. Hesabu ikikataa, tunaifanya tena, hatuiombi msamaha." Akawageukia wenzangu. "Nina swali, na silo la hesabu. Jana humu ndani nani aliumia?"

Wengine wakajifanya wanachonga penseli. Mwishowe Deo akainuka, akatoka nje bila kuomba ruhusa. Aliporudi alikuwa amekumbatia mche mzima wa isale, mizizi ikidondosha udongo sakafuni.

"Yelewii!" mwalimu akashika kichwa. "Deo, nilitaka jani! Umeng'oa mpaka wa shule! Jirani akija na kamba yake ya kupimia, tutasomea wapi?"

Tulicheka wote, na hata mimi nilijikuta nacheka pamoja nao. Deo akasimama mbele yangu na mche wake. "Nisamehe, Thelu... nisamehe, Viktoria."

Nikanyoosha mikono, maana mila ni mila. Mwalimu akanizuia.

"Usiharakishe. Ulijisikiaje jana?"

Hakuna mwalimu aliyewahi kuniuliza hivyo. "Niliona aibu," nikasema. "Na bado nina hasira."

"Vema. Kaa na hasira yako. Isale litakungoja hapa mezani."

Kisha akaandika ubaoni nusu na theluthi. "Viktoria, tuonyeshe njia uliyopita hata ukafika kwenye theluthi."

Nikaeleza: mbili ni ndogo, tatu ni kubwa, kwa hiyo nilidhani fungu linalotoka kwenye tatu litakuwa kubwa.

"Nani mwingine alidhani hivyo?"

Mkono mmoja ukapanda, kisha mwingine, hatimaye karibu nusu ya darasa. Nikageuka. Mkono wa Deo ulikuwa juu pia, na masikio yake yamewiva kama buni. Kumbe alicheka ili asije akaulizwa yeye.

Hapo hasira yangu ikaisha. Kengele ya saa nne ilipolia nikauchukua mche, tukaenda na Deo mpakani, tukaurudisha kwenye shimo lake. Siku hizi Deo ana duka Tarakea. Nikinunua maharage kwake, hunijazia kidogo juu ya kipimo, akisema, "Na theluthi yako hiyo, mwalimu!" Nami hufurahi.

Mwanangu, theluthi ningeijua tu, kama si mwaka ule basi uliofuata. Lakini kutomcheka aliyekosea, kusema nina hasira bila kupigana, kuomba radhi mbele ya watu: hayo hayakuandikwa ubaoni, nasi tuliyapata mle mle, katikati ya somo la hesabu. Samaki mkunje angali mbichi. Kwa hiyo darasani inua mkono hata ukitetemeka. Wangu bado hutetemeka. Mwenzako akijikwaa, mwulize njia aliyopita, maana huenda nawe uko njiani humo humo. Ukimuumiza, mwendee kabla jua halijazama. Na ukiletewa isale, lipokee ukiwa umeuuliza moyo wako kwanza.

Aika, Mwalimu Aloyce, asante isiyo na mwisho. Nawe mwanangu, Mungu akupe mwalimu atakayekungoja umalize kufikiri, akupe na rafiki kama Deo. Maji ya mfongo yakufikie kwa zamu yako, na mpaka wako using'oke.