Shule Ilinizika Mara Tatu

Umewahi kusoma barua inayosema wewe umeshakufa?

Mimi nimesoma. Tena tatu. Nimevaa miwani yangu, nimekaa kwenye kiti, nimeshiba viazi.

Ilikuwa kwenye chuo kimoja cha uuguzi kule Buswelu, jina naliacha. Tulivuka kwa kivuko kutoka Kamanga asubuhi, mimi, binti yangu Selina na mwanawe wa kike, Ng'washi. Chuo kilitaka maelezo: mtoto aliyekuwa wa tatu darasani, imekuwaje kidato cha tatu akaporomoka hadi wa hamsini na moja?

Jibu nilikuwa nalo. Ng'washi ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Mwaka ule mifupa ilimuuma mpaka akawa anatambaa kwenda chooni. Alilazwa mara tatu, na mara zote tatu nililala naye wodini.

Mwalimu Nkwabi, anayesajili wanafunzi, akafungua faili lililotoka shuleni. Akanitazama.

"Shikamoo bibi. Wewe ni mzaa baba au mzaa mama?"

"Marahaba. Mzaa mama. Mzaa baba alifariki huyu hajazaliwa."

"Basi pole. Hapa umefariki Machi, ukafariki Juni, na Septemba ukafariki tena." Akacheka. "Umefufuka lini?"

Zilikuwa barua za kumwombea Ng'washi ruhusa shuleni. Mwandiko ule naujua tangu darasa la kwanza. Wa Selina.

"We Selina! Umenizika?"

"Mama, taratibu basi..."

"Taratibu ya nini? Umenizika mara tatu, hata chai ya msiba hukuwapa watu!"

Akanong'ona: "Wakijua ana selimundu, nani atamwoa?"

Jamani! Nikafungua fundo la kitenge, nikatoa kadi zake za hospitali. Kila kadi nikaibamiza juu ya barua yake, pa! pa! pa! Machi tarehe kumi na mbili, siku niliyokufa, nilikuwa namlisha uji wa ulezi kwa kijiko. Juni nilikuwa namkanda magoti. Septemba aliongezewa damu, chupa mbili.

Mwalimu akaacha kucheka, akamgeukia Ng'washi. "Binti, barua hizi ulizijua?"

"Nilizipeleka mimi," Ng'washi akasema. "Mama aliniambia nilie mbele ya mwalimu. Sikuigiza. Mifupa ilikuwa bado inauma."

Hapo hasira ikanigeukia mwenyewe. Maana mimi nilimkanda, nikamlisha, na kila tulipotoka wodini nikamwambia vumilia, usisumbue watu. Shuleni sikukanyaga hata siku moja.

Wazazi wenzangu, nasema nikiwa bado nimekasirika: ukificha ugonjwa wa mtoto, ripoti yake itamwita mzembe, na wewe ndiye uliyeiandika.

Selina alikuwa anamvuta mkono anyamaze. Ng'washi akautoa.

"Mwalimu, andika nina selimundu. Andika nilisomea kitandani." Akamgeukia mama yake. "Na wewe mama, mimi sijaomba mume. Nimeomba chuo."