Mstari wa Mungu

Jumapili ya mavuno iliyopita, mama mmoja wa kanisa letu hapa Butembo alinisimamisha mlangoni, akanitia mikononi bakuli la maharagi ya manjano. "Hii njo ile mbegu yenu ya Kalunguta," akasema kwa furaha. "Iko inazaa mpaka leo. Mungu haachake yake." Nikamshukuru, nikacheka kidogo kama ninavyocheka kila mwaka, nikaingia kutafuta kiti. Mbele ya mimbari vikapu vilikuwa vimeshapangwa: viazi na vitunguu vya majani vya akina mama wa Masereka, bado vina udongo mweusi, mikungu ya ndizi, mihogo, kuku wawili waliofungwa miguu. Mimi nilikuwa nimeombwa kutoa ushuhuda, ule ule ninaoutoa tangu utotoni. Nilikaa na lile bakuli mapajani, nikalifunika kwa kitenge.

Ngoja nikurudishe nyuma, rafiki yangu, maana ushuhuda huo una sehemu ambayo sikuwahi kumwambia mtu.

Tulilelewa na bibi, mimi na mdogo wangu wa kike, katika kijiji cha upande wa Kalunguta. Baba na mama walikuwa Bunia wanahangaikia maisha. Bibi tulimwita Koko. Alikuwa Mprotestanti wa kupindukia, mwanamke mfupi mwenye magoti mabovu na sauti ya kuita watu kutoka kilima cha pili. Aliomba akiwasha moto, akaomba akiufunika majivu. Aliishukuru hata chumvi. Ukipiga chafya wakati wa maombi alikutazama kama vile umemtukana mchungaji. Kengele ya kanisa letu ilikuwa rimu ya lori iliyoning'inizwa mtini, na mwalimu wa dini alipoigonga, Koko alisimamisha jembe pale pale lilipo, hata kama lilikuwa hewani. Sisi tulimcheka kwa siri. Leo nikisikia sauti ya chuma kikigongwa gereji, ninasimama barabarani bila kujua nimesimama.

Shamba lilianza nyuma ya jikoni, likateremka mpaka mtoni. Matuta ya juu, karibu na njia, yalikuwa yetu. Kule chini kabisa, penye udongo mweusi ambao haukauki hata kiangazi, palikuwa na tuta moja refu tuliloliita mstari wa Mungu. Mvua ya kwanza ikidondoka, tuta hilo ndilo lililopandwa kwanza. Koko aliziombea mbegu kwa lugha yetu, Kinande, kiganja kimefunika kikapu, kisha akapanda akiwa kimya. Na wakati wa kuvuna ukifika, hakuna aliyeonja hata punje ya matuta ya juu kabla mstari wa Mungu haujang'olewa na kupelekwa kanisani. Tulivumilia. Maharagi yanakauka mbele ya macho yako na wewe unakula mihogo, unameza mate.

Mtu mzima hakuruhusiwa kuuvuna. Koko alisema mtu mzima ana jicho linalopima: ataanza kujiuliza kama hii si nyingi mno, ataacha shina moja, ataacha la pili. Mtoto hapimi. Kwa hiyo kazi ilikuwa yangu, kwa sababu mdogo wangu alikuwa hajafikisha hata miaka mitano. Nilikuwa najivuna nayo, sitakudanganya. Nilipita mbele ya watoto wenzangu na kikapu cha Mungu mgongoni, kamba yake kwenye paji la uso kama mwanamke mzima.

Mwaka ule kiangazi kilikuja na watu wakipita. Kwanza walipita wawili watatu na mikeka. Kisha zikapita familia nzima, magodoro kichwani, mbuzi wakivutwa. Walisema wenye silaha wameingia vijiji vya nyuma na wanaua watu mashambani. Asubuhi moja mwalimu wa dini aligonga ile rimu, ingawa haikuwa Jumapili, akagonga tena bila kupumzika, na kila mtu akaelewa. Koko alifunga nguo kwenye kitenge, akamvika mdogo wangu magauni mawili moja juu ya lingine. Halafu akanipa kikapu.

"Kimbia, uvune ya Mungu. Hatuendake tukiiacha."

"Koko, banakuya!"

"Ni shamba ya Mungu. Atakuangalia. Enda!"

Nilimkasirikia miaka mingi kwa neno lile. Nimekuwa mama na bado kuna siku namkasirikia. Lakini yeye aliamini kabisa kwamba hakuna mahali salama duniani kuliko lile tuta, na kama magoti yangemruhusu angeteremka pamoja nami na kuwaacha wengine wahofie.

Nilishuka mpaka katikati ya shamba. Kule mtoni siku zote kulikuwa na kelele za vyura na ndege wa kwenye matete. Siku hiyo hakukuwa na kitu. Kimya kilikuwa kimekaa kule chini kama mtu anayesubiri. Niliona majani makavu ya mstari wa Mungu, niliona maganda yamejaa, na miguu yangu ikagoma. Sikumwona mtu yeyote, nasema ukweli. Mpaka leo sijui kama kulikuwa na mtu. Nikageuka, nikapanda mbio hadi matuta ya juu karibu na njia, yale ya nyumbani, nikachuma maganda kwa mikono miwili huku nalia, mpaka kikapu kikajaa.

Koko alikuwa mlangoni. Alitazama kikapu, akanitazama mimi.

"Ulivuna yote?"

"Ndiyo, Koko."

"Hata ya kule chini kabisa, kwa muto?"

"Hata ile."

Akaniwekea mkono kichwani. Mkono ule ulikuwa na harufu ya moshi na sabuni, na nilitamani ardhi inimeze.

Barabarani tulimkuta dereva wa lori, Mwislamu wa Beni aliyekuwa akinunua mihogo kijijini kwetu. Alikuwa anapandisha wazee na watoto bila kumuuliza mtu chochote. Alitaka kutupia kikapu juu, kwenye mizigo.

"Hapana," Koko akasema. "Hii iko ya Mungu."

Dereva akarudisha mikono nyuma. "Kama iko ya Mungu, mimi hapana kuigusa. Panda nayo huku mbele, mama."

Tukasafiri hivyo hadi Butembo, kikapu mapajani mwa Koko, anamenya ganda baada ya ganda, akitupa makapi dirishani. Harufu ya maganda makavu ilijaa chumba cha dereva. Nguo zetu zilipotea njiani, sufuria tuliiacha, lakini punje hata moja haikuanguka.

Tulipangiwa darasa la shule pamoja na familia nyingine. Ilikuwa Jumatano, na mavuno ya kanisa la hapa yalikuwa Jumapili. Siku hizo nne ndizo ninazoishi nazo. Wenyeji walitugawia walichokuwa nacho, lakini tulikuwa wengi: uji kikombe asubuhi, siku nyingine parachichi moja kwa watatu. Mdogo wangu alilia mpaka sauti ikakauka. Kisha akapata mchezo. Alikuwa akiingiza mkono kwenye kikapu na kuacha maharagi yatiririke kati ya vidole, ili asikie tu sauti yake.

"Mukono!" Koko alikemea. "Iko ya Mungu."

Ijumaa alitia punje moja mdomoni akawa anaimumunya. Koko akamshika taya, akaitoa kwa kidole, akaipangusa kwa kitenge na kuirudisha kikapuni. Kisha Koko akageukia ukuta, na mabega yake yakawa yanatikisika. Mimi nilikuwa nimekaa pale pale. Niliyajua maharagi yale. Yalikuwa ya nyumbani, yalikuwa chakula chetu. Neno moja tu lingetosha, na sufuria ingeazimwa, na moto ungewashwa. Sikulisema. Niliogopa uso wa Koko kuliko njaa ya mdogo wangu.

Jumapili Koko alipeleka kikapu mbele akichechemea. Mchungaji alipoambiwa kimetoka wapi, alikiinua juu kwa mikono miwili na hakuweza kuhubiri. Kanisa zima lililia. Hawakutaka kuyapika maharagi yale. Kila mama alipewa kiganja kimoja akapande kwake, na mimi nikasimamishwa mezani ili watu wamwone mtoto aliyevuna mstari wa Mungu mbele ya kifo. Tangu siku hiyo ndilo jina langu hapa mjini. Mbegu ile ilizaa mtaa wa Rughenda, nyuma ya nyumba ambazo ndege za abiria hupita juu yake zikishuka uwanjani. Ilizaa kwenye miteremko yote ya mji huu. Kila mavuno inanirudia kwenye bakuli.

Koko hakurudi tena Kalunguta. Alipokuwa anakufa aliomba mikono yangu. Si ya mchungaji, yangu. "Leta ile mikono yenye ilivuna," akasema, akaiweka juu ya kichwa chake mwenyewe na kuniambia niombe. Niliomba. Nilimwombea kwa mikono ile ile, na alikwenda akiwa ametulia.

Sasa umeelewa kwa nini nililifunika lile bakuli Jumapili ile. Nilipoitwa nilikwenda mbele na bakuli, nikaanza kama kawaida: bibi, kengele, watu wenye magodoro. Nikafika katikati ya shamba. Nikamwona mdogo wangu kwenye benchi la tatu, mama wa watoto wanne sasa, mwanamke ambaye hawezi kukaa kwenye nyumba watu wakichambua maharagi. Hutoka nje, na hakuna aliyewahi kumuuliza kwa nini. Nikapiga moyo konde.

"Bandugu," nikasema, "sikufika kule chini. Niliogopa. Haragi yenye mulipanda ilikuwa yetu ya kula. Ya Mungu ilibakia kule."

Mchungaji wa sasa, kijana, alisimama, akasema Mungu alipokea kilicholetwa. Akina mama wakaanza wimbo. Labda ni kweli. Nataka iwe kweli. Lakini mimi bado ninauona mstari ule, maganda yakipasuka yenyewe kwa jua, punje zikidondokea udongo mweusi pasipo na mtu wa kuinama. Najua vizuri maharagi hayashindani na pori, tuta lilikwisha zamani, na jikoni, na rimu mtini, na watu wengi waliokuwa wakisimama iliposikika. Koko alitufundisha kwamba cha Mungu kinatangulia. Na hicho cha Mungu ndicho tulichokiacha nyuma, na mimi ndiye niliyekiacha.

Mdogo wangu alikuwa ananisubiri nje, karibu na ukuta. Hakuwa na hasira. Alikuwa na uso wa mtu anayepiga hesabu ya zamani.

"Donc, kumbe," akasema polepole, "ile haragi, tungekula."

"Ndiyo," nikasema. "Tungekula."

Alitazama bakuli mikononi mwangu. Akaingiza mkono ndani yake, akaacha punje zitiririke kati ya vidole mara moja, mara mbili. Kisha akachukua moja, akaitia mdomoni, akasimama pale mbele yangu akiimumunya.